Bei ya Shaba

Kabla mkono haujanisaliti
nilikuwa nasuka mota Gerezani,
uchochoro wa nyuma, mlango wa bati la bluu:
pampu za visima, feni, mashine za kusaga.
Waya mwembamba kama unywele wa mtoto,
mizunguko mia mbili na arobaini,
na sikuhesabu kwa mdomo.
Vidole ndivyo vilivyohesabu.

Siku moja vikapoteza hesabu.

Kikombe cha chai kikaanza kugombana na kisahani chake.
Benki wakaikataa sahihi yangu mara tatu:
kaka, huyu siye wewe.
Neno "transfoma" likarefuka, likajaa mate,
na mama wa chapati akamnong'oneza mteja:
asubuhi yote hii, keshapiga.
Mimi, ambaye hata togwa iliyochacha sijaionja.

Mganga wa Mbagala alisema ni jini la shangazi.
Shangazi, maskini, alilia siku tatu
akaleta kuku, ushahidi kwamba hafugi kingine.
Zahanati wakasema manjano.
Wengine wakasema mawazo, oa.

Ni Daktari Kaijage, Muhimbili,
mwanamke mfupi mwenye raba nyeupe,
aliyezima taa, akaniambia tazama juu,
kisha akanyamaza
muda mrefu kuliko daktari anavyopaswa kunyamaza.
Akaita wanafunzi. Kumi na mmoja
walipanga foleni mbele ya macho yangu.
Kuzunguka weusi wa kila jicho: pete,
kahawia inayoelekea kijani,
rangi niliyoijua kabla hawajaitaja.

Shaba, akasema.
Nikacheka. Nilidhani ananitania kazi yangu.
Haikutoka karakana, akasema. Umezaliwa
na ini lisilojua kuitoa nje.
Inajaa humo, na ikifurika
inapanda kichwani.

Usiku ule, Buguruni, tulipiga hesabu nyingine.
Baba na mama ni watoto wa mtu na dada yake;
waliozeshwa ili shamba la Kisarawe lisitoke mikononi,
na shamba lenyewe liliuzwa.
Kila mmoja alibeba nusu ya kasoro, mzima, hajui.
Mimi nikapata nusu zote mbili,
urithi pekee ambao hakuna ndugu aliyeugombea.
Mama hakula hadi Ijumaa.
Nikamwambia: ungejuaje? Hata pua hii ni yako.

Sasa nakula kwa saa, kama mfungwa.
Kidonge, subiri, chakula, subiri, kidonge.
Maini hapana. Pweza hapana. Korosho hapana,
mtu wa Kisarawe!
Dawa ikikosekana mjini
tunapiga simu hadi kwa watu tusiowapenda.
Na kila baada ya miezi sita nabeba mkojo wa usiku na mchana
kwenye dumu la mafuta ya alizeti,
mapajani, ndani ya bajaji,
naye dereva anauliza: asali hiyo, kaka?
Asali, namjibu. Ya nyuki wadogo.

Wakampima na Sikudhani, mdogo wangu,
miaka kumi na sita, mdakaji wa netiboli,
mkono umetulia kama ukuta.
Majibu yalikuja kwenye bahasha ya kaki.
Ipo. Lakini haijafurika.
Alisoma mara mbili, akauliza kama ataruhusiwa kucheza Jumamosi.

Jioni anapitia karakana akiwa na sare ya shule,
anameza kidonge chake cha zinki kwa maji ya uvuguvugu,
anakunja uso, anakaa kwenye stuli yangu.
Mnunuzi wa chakavu anachungulia:
shaba ipo leo? Bei imepanda.
Hatumjibu.
Yeye anasuka, mimi nahesabu,
kwa sauti sasa, ulimi ukiburura kila namba
kama gunia kwenye kokoto:
mia mbili na thelathini na nane,
mia mbili na thelathini na tisa,
mia mbili na aro

na koleo lake linangoja, wazi,
halikati waya mpaka nimalize neno.